SD45 za mitumba: faida ilikuwa wapi, na fundi aanzie wapi?

SWALI: Nimesoma kwamba Wisconsin Central, reli ya kikanda ya Marekani iliyoanza 1987, ilijijazia vichwa vya treni vya dizeli aina ya SD45 ambavyo kampuni kubwa zilikuwa zikivitupa. Kama vilisifika kwa kukata krenkshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na kunywa mafuta, faida ilikuwa wapi? Na kichwa kama hicho kikiwa kimelala miezi, fundi anaanzia wapi kabla ya kupiga stata?

JIBU: Sifa mbaya ilikuwa ya kweli, ila imepitwa na wakati. EMD, watengenezaji wa vichwa vya dizeli wa Marekani, waliunda SD45 kuanzia 1965 hadi 1971, na injini ya 645E3 yenye silinda 20, nguvu za farasi 3,600. Krenkshafti za mwanzo, ndefu mno, zilikatika. Za baadaye ziliimarishwa. Kilichoiponza zaidi ni ndugu yake wa EMD, SD40: silinda 16, farasi 3,000, ekseli sita vilevile. Treni nzito inapopanda mlima polepole, kinachoamua ni uzito unaokandamiza magurudumu kwenye reli. Zile farasi 600 za ziada huonekana mwendo ukishachanganya, lakini silinda nne za ziada zinakula kila siku.

Reli ndogo inapiga hesabu nyingine. Bei ya kununulia iko chini, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) na konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenkshafti) ni za familia moja na injini nyingine za 645, kwa hiyo karakana kama ile ya Wisconsin Central huko North Fond du Lac haikuhitaji stoo mbili. Pistoni tu ziangaliwe: za injini zinazosukumiwa hewa na turbo, kama ya SD45, zina mgandamizo wa 14.5:1, za injini za bloa (feni inayoendeshwa na gia za injini) 16:1. Usizichanganye.

Kwenye kichwa kilicholala, adui wa kwanza ni maji. Vichwa hivi kwa kawaida havitiwi dawa ya kuzuia kuganda, na baridi ya Wisconsin hupasua hedi ikiwa maji hayakumwagwa. Toa fyuzi ya stata. Fungua valvu za kupimia (vijitundu vya kukagulia) za silinda zote 20, kisha zungusha flaiwili kwa mtaimbo mzunguko mmoja kamili. Injini ni ya mipigo miwili, kwa hiyo kila pistoni itafika juu. Simama pembeni uangalie matundu. Yakirusha maji, shuku hedi iliyopasuka au sili. Yakirusha dizeli, shuku injekta ya silinda hiyo. Ukipuuza ukawasha, maji hayagandamiziki: konrodi inapinda.

Halafu fungua vifuniko vya ubavuni mwa injini, umulike tochi kwenye matundu ya slivu. Ringi ya pistoni iliyo nzima inang'aa, na ukiisukuma kwa kijiti inarudi. Iliyokwama ni nyeusi, haichezi.

Ikiwa injini imezimwa zaidi ya saa 48, isukumie oili kwenye beringi kwa pampu ya nje kabla ya kuwasha. Oili yenyewe isiwe na zinki: beringi za pini ya pistoni zina tabaka la fedha, na oili ya kawaida ya malori huila. Kosa hili halipigi kelele mapema.

Na siku ya kuzima, usikate swichi ya betri papo hapo. Pampu ndogo ya turbo huendelea kupeleka oili kwa zaidi ya nusu saa, ipoze beringi zake.