Mwanangu hatulii darasani, nimpe vidonge anavyoleta wifi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Mwanangu wa kiume alitimiza miaka saba Desemba iliyopita na yuko darasa la pili. Hakai kitini, anapoteza madaftari na kalamu, anajibu kabla swali halijaisha, na mwalimu ameniita shuleni mara nyingi hadi naona haya kupita pale getini. Baba yake anasema ni ukaidi tu, kwa sababu mtoto huyo huyo akienda ufukweni hukaa na mjomba wake wakishona nyavu mpaka jua linazama. Anataka ikifika likizo ya Juni aende jando akafunzwe adabu. Mama mkwe anasema ana jini, ingawa husema pia kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo. Wifi yangu aliyeko Uingereza anasema ni ADHD, tatizo la kukosa umakini na utulivu, mwanawe anayo, na ameahidi kuniletea vidonge vya Ritalin akija likizo. Mtoto aliwahi kulazwa kwa malaria na degedege akiwa na miaka miwili, na tangu hapo anakunywa fenobabitoni kila usiku, hajaanguka tena. Je, nimpe vidonge vya wifi? Na haya yote yametokana na malezi yangu?
Mama wa Mikindani

Marahaba, mama mwenzangu. Barua yako ina mengi kuhusu mwalimu, mumeo, mama mkwe na wifi, na karibu na mwisho wake ipo sentensi uliyoipita haraka kana kwamba ni jambo lililokwisha: kwamba mwanao anakunywa fenobabitoni kila usiku. Mimi nimesimama hapo kwanza, maana kabla ya kuuliza kama mtoto apewe dawa mpya inatupasa kuuliza ile anayokunywa inamfanya nini.

Fenobabitoni ni dawa ya zamani ya kuzuia degedege na kifafa, ya bei nafuu, inayopatikana hata katika zahanati za vijijini, na imewasaidia watoto wengi wenye kifafa huku kwetu Kusini. Lakini ina tabia moja ambayo wazazi hawaambiwi mara kwa mara. Mtu mzima humletea usingizi, ilhali baadhi ya watoto huwafanya watukutu, wenye hasira za karibu na wazito wa kushika masomo. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri dawa hii iepukwe, inapowezekana, kwa watoto wenye kifafa ambao pia wana matatizo ya tabia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia watoto wadogo 217 waliowahi kupata degedege la homa, baadhi wakipewa fenobabitoni na wengine dawa tupu isiyo na kiambato. Baada ya miaka miwili waliopewa fenobabitoni walikuwa na alama za chini zaidi katika vipimo vya akili, wala haikuonekana kuwakinga na degedege kuliko wenzao.

Sidai kwamba hapo ndipo penye tatizo la mwanao, kwa kuwa sijamwona na mimi si daktari wake. Ninachosema ni kwamba miaka mitano ni mingi kwa mtoto kuendelea kujaziwa vidonge vile vile bila mtu kuuliza kama bado anavihitaji, kama kipimo kinalingana na uzito wake wa sasa, na kama ipo aina nyingine inayomfaa. Hayo ndiyo maswali ya kwenda nayo kliniki. Hata hivyo nakusihi sana: usiikatishe wewe mwenyewe, hata kwa usiku mmoja wa kujaribu. Fenobabitoni ikiachwa ghafla degedege huweza kurudi kwa nguvu na kukataa kukatika. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, daktari akiwa anafuatilia.

Malaria yenyewe pia ichunguzwe. Malaria ikipanda kichwani huweza kuacha alama hata kwa mtoto aliyetoka wodini akitembea, na tafiti zilizofanywa Kilifi na Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya walionusurika hubaki na shida ya umakini, ya kumbukumbu au ya lugha, au hupata kifafa baadaye. Kipo kifafa kisichoangusha mtu: mtoto huzubaa kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, kisha huendelea na alichokuwa akifanya, naye mwalimu huona tu kwamba hasikilizi. Mchunguze akiwa anakula au anaandika. Omba pia apimwe masikio, macho na damu, kwani mtoto asiyesikia vizuri, au mwenye upungufu wa damu, au anayelala saa tano usiku na kuamshwa alfajiri, huonekana darasani sawasawa na mtoto mwenye hiyo ADHD anayoitaja wifi.

Sasa tuje kwenye ADHD yenyewe, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi. Wapo watu hapa nyumbani wanaosema ni ugonjwa uliobuniwa na Wazungu ili wauze vidonge, nami sikubaliani nao. Tatizo lipo, limepatikana kila bara lilikotafutwa kwa makini, na tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja hukadiria takribani mtoto mmoja kati ya ishirini. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na maneno ya mama mkwe kuhusu utoto wa mumeo yana uzito zaidi kuliko anavyodhani. Hilo pia ni jibu la swali lako la mwisho: malezi hayaleti ADHD, ingawa yanaweza kuipunguzia au kuiongezea makali, kwa hiyo acha kujihukumu.

Shida ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Daktari hutegemea anachokiona na anachosimuliwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, ambao wataalamu wengi duniani huutumia, unataka zionekane angalau dalili sita kati ya tisa za kutozingatia, au sita kati ya tisa za utukutu na papara, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zimvuruge mtoto katika maisha yake, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Sharti hilo la mazingira ndilo ninalotaka ulifanyie kazi wiki hii. Kama mwanao anasoma madrasa, nenda kwa ustadhi wake na umuulize, bila kumtajia ugonjwa wowote, anakaaje chuoni, anahifadhi nini, anagombana na nani. Mtoto anayevuruga darasa lenye wanafunzi tisini lakini anatulia kwenye mkeka wa watoto kumi anatueleza habari za darasa kuliko za ubongo wake.

Na hizo nyavu za mjomba, mumeo asizifanye ushahidi. Ni kawaida kabisa kwa mtoto mwenye ADHD kuzama katika kazi anayoipenda, inayoshughulisha mikono, yenye mtu mmoja kando yake anayemwonyesha na kumsifu pale pale anapofunga fundo sawasawa. Kinachomshinda ni kuielekeza akili yake kwenye jambo lisilomvutia, kwa amri ya mtu mwingine, kwa muda mrefu. Utulivu wa ufukweni hauthibitishi ukaidi, na vilevile hauthibitishi kwamba hana tatizo.

Lipo jambo jingine dogo kwenye barua yako ambalo wengi wangelipita, nalo ni mwezi wa kuzaliwa. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako watoto hupangwa madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa, watafiti walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya laki tisa na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi kuambiwa wana ADHD kuliko waliozaliwa Januari, na asilimia 41 zaidi kupewa dawa. Hakuna ubongo unaoharibika kwa kuzaliwa Desemba; kilichotokea ni kwamba utoto wa kawaida ulipimwa kwa kulinganishwa na watoto waliowazidi karibu mwaka mzima. Mwanao naye ni wa Desemba, na wengi wa wenzake wa darasa la pili huenda wanakaribia miaka minane au wameshaipita. Mkumbushe mwalimu wake jambo hilo, kwa adabu.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wa wenzetu wa ng'ambo: je, wapo watoto wanaopewa dawa za ADHD bila kuwa nayo? Dawa hizi zina historia ndefu: mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto wa hospitali yake dawa ya kuchangamsha mwili akitumaini kuwapunguzia maumivu ya kichwa, akashangaa kuona baadhi yao wanatulia na kufanya masomo vizuri. Ritalin, ambayo kiambato chake ni methilfenideti, ilianza kuuzwa miaka ya 1950. Leo nchini Marekani zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi ameshaambiwa wakati fulani kwamba ana ADHD, na ni haki watu waulize kama wote wanayo kweli. Huku kwetu hali ni kinyume, kwani mtoto mwenye tatizo hilo anaweza kumaliza darasa la saba bila mtu kumtambua, akiwa amepata viboko tu.

Je, dawa inafanya kazi? Kwa mtoto aliyepimwa sawasawa, ndiyo, mara nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wenye watoto 579 waliofuatiliwa kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa iliyosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Wifi yako hajadanganya. Lakini watoto hao walipoangaliwa tena baada ya miaka mitatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka, na waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kidogo kuliko wasioitumia. Dawa hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, huweza kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, urefu na moyo kabla ya kuanza na kila baada ya miezi kadhaa. Kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kuiingiza methilfenideti katika orodha ya dawa muhimu, ikiona ushahidi wa manufaa yake hautoshi. Wapo wataalamu wengi wasiokubaliana na uamuzi huo.

Kwa mwanao jibu langu ni fupi: hapana, usipokee vidonge hivyo. Dawa hiyo ina tahadhari maalumu kwa mtoto aliyewahi kupata degedege, na inaweza kubadilisha kiwango cha fenobabitoni katika damu. Kipimo chake kilipangwa kwa uzito wa mtoto mwingine. Vidonge vikiisha hutakuwa na pa kuvipata wala mtu wa kumfuatilia. Zaidi ya hayo, methilfenideti ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na wifi akikutwa nayo uwanja wa ndege ikiwa na jina la mtu asiyesafiri naye atajieleza kwa watu wasio na mzaha. Mshukuru kwa upendo wake. Mwombe badala yake akusimulie mwanawe alipimwaje, na ni mbinu zipi za nyumbani zilizomsaidia.

Mbinu hizo hazingoji daktari. Ukimwambia mwanao, "Chukua ndoo uende bombani, ukirudi umpitie dada yako dukani, halafu uvue sare," atarudi bila ndoo na bila dada, akiwa na sare yake. Msogelee, mguse bega, akutazame, umpe agizo moja. Likitimia msifu hapo hapo, kisha umpe la pili. Masomo ya nyumbani yawe ya dakika kumi, apumzike akikimbia uani, arudi. Mwalimu mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha, na ampe kazi za kusimama kama kufuta ubao na kugawa madaftari. Kuhusu fimbo, kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na hazizidi viboko vinne. Mwalimu wa darasa hana ruhusa ya kuchapa kila anapokereka. Mama mkwe akitaka kumsomea dua, asome. Dawa za kunywa na za kufukiza asimpe, kwa sababu ya kile kidonge cha usiku.

Jando ni mila yenu na siingilii. Lakini mtoto huyu asiende kukaa mbali na nyumbani kabla daktari hajazungumzia fenobabitoni, na akienda lazima awepo mtu mzima aliyeapa kumpa dawa kila usiku na anayejua la kufanya akianguka. Anza basi na kliniki anakochukulia dawa, uombe rufaa kwenda kwa daktari wa watoto wa Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na ikilazimu Muhimbili, ambako ipo idara ya afya ya akili. Chukua madaftari yake ya shule, kadi ya kliniki, na maneno ya mwalimu na ustadhi yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Na mumeo aende nanyi, hata kama ni msimu wa kupulizia mikorosho, kwa sababu daktari atauliza baba alikuwaje alipokuwa na umri huo, na majibu ya swali hilo anayo yeye na mama yake.