Usiongeze hata dakika moja

Ichane hiyo ratiba yako ya kusoma, mdogo wangu. Umeuliza uanze na somo gani asubuhi, halafu ukapenyeza humohumo kwamba unalala masaa 3, unakula kitabu kikiwa mezani, usiposoma unajisikia mkosaji, na unatafuta kitu cha kukuzuia kusinzia ili upate masaa mengine 2. Usiongeze hata dakika moja.

Njia hiyo nimeipita. Kuna mwalimu wa masomo ya ziada alikuwa anatuimbia, "Ukilala, mwenzako anasoma." Mpaka leo nikiisikia kauli hiyo naudhika. Mbona hakutuambia kwamba ubongo huimarisha ulichosoma wakati umelala? Ukikata usingizi ili usome, umekata sehemu ya kusoma kwenyewe. Na yeye akishamaliza kusema anakwenda zake kulala, sisi tunabaki na taa!

Lakini kilichonigharimu zaidi ni kwamba kusoma kuligeuka dawa ya wasiwasi. Nikifungua kitabu moyo unatulia, nikikifunga unaanza kwenda mbio. Basi nikawa narudia ukurasa uleule, kalamu ya rangi mkononi, mpaka ukurasa mzima ukawa wa njano, hakuna mstari uliobaki mweupe. Nifunikie kitabu uniulize pameandikwa nini: kimya. Mama akipiga simu naiacha iite, nikija kumpigia namjibu kwa hasira kana kwamba kaniibia. Marafiki wakaacha kunialika. Matokeo yalipotoka yameshuka, na kwa akili ile nikaona tiba ni kuongeza masaa.

Wala si mimi na wewe tu. Mwaka 2015 mtafiti Paweł Atroszko na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uraibu wa kusoma kwa wanafunzi wa Norwei na Poland. Walitumia kipimo cha maswali 7 kilichotokana na kipimo cha uraibu wa kazi kinachoitwa cha Bergen, jina la mji wa Norwei. Moja ya maswali ni hilihili lako: umewaza namna ya kupata muda zaidi wa kusoma? Mengine: unasoma ili kupunguza hatia na wasiwasi? Watu wamekuambia upunguze, ukapuuza? Ukizuiwa kusoma unapata msongo? Wenye alama za juu ndio waliokuwa na msongo zaidi na usingizi mbovu. Anayependa masomo naye anasoma sana, anazama mpaka anasahau muda, ila akifunga kitabu kimefungwa. Anacheka, anakula, analala. Kwa hiyo usihesabu masaa. Angalia unakuwaje baada ya kufunga kitabu.

Shika hili moja: andika saa ya kufunga kitabu kabla hujakifungua, na ikifika, funga, hata kama imebaki aya moja. Mwanzoni utateseka. Utajiona mvivu, utatembea chumba kizima, utasema "leo tu nimalizie." Usimalizie. Na muda ulio nao usiumalize kwa kurudia kurasa: funika kitabu, andika unachokumbuka, ndipo uangalie ulichoacha. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki, waliojipima kwa kuandika walichokumbuka walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena.

Wasiwasi ukigoma kabisa kushuka, nenda kwa mshauri nasaha au daktari, umwambie kama ulivyoandika hapa, bila kupunguza. Na leo kabla hujaanza, andika juu ya daftari: saa nne usiku, nafunga. Hao wa "mwenzako anasoma" waache waseme.