Mbona Wanawake Wanaopendana Hufa Tamthiliani?

SWALI: Ndugu Mhariri, karibu kila tamthilia ya Marekani niliyoitazama yenye wanawake wawili wanaopendana, mmoja wao hufa. Je, ninakosea kutaka mahusiano kama hayo yaongezwe?
Msomaji, Toronto

JIBU: Hukosei hata kidogo, ndugu msomaji. Mwaka 2002, katika tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer, Tara na Willow walikuwa ndio kwanza wamerudiana pale risasi ilipopenya dirishani na kumuua Tara, damu yake ikatapakaa kwenye shati la mpenzi wake. Mwaka 2016, katika tamthilia ya The 100, Lexa aliuawa kwa risasi iliyomlenga mpenzi wake Clarke, muda mfupi tu baada ya wawili hao kulala pamoja kwa mara ya kwanza. Miaka 14 ilikuwa imepita, na risasi ilikuwa ile ile. Watazamaji waliumia kweli: walichangia The Trevor Project, shirika linalozuia vijana wapenzi wa jinsia moja na wengine wa jamii ya LGBTQ wasijiue, na mtayarishaji mkuu wa The 100, Jason Rothenberg, akaomba radhi hadharani.

Kwangu mimi, kiini cha jambo ni uchache wa wanawake kama hao tamthiliani. Mwanamume na mwanamke wakitenganishwa na kifo, wapenzi wengine kama wao wamejaa katika tamthilia hiyo hiyo. Lakini wanawake wawili wanaopendana wakiwa peke yao, kifo kimoja humaliza kila kitu. Ninatamani kuwaona wakigombania kodi ya nyumba, wakiuguzana, wakizeeka pamoja.