Bibi Aliyelea Asikubali Kufungiwa Geti

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Dada, mkwe wangu kanifungia geti, mjukuu simwoni tangu Pasaka. Nifanyeje?" Nilisoma mara tatu, na kila mara nikaliona geti la Soweto, Mbeya, nililosimama nje yake na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu mpaka giza likaingia.

Binti yangu alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Nikamlea mimi, miaka minne. Kliniki mimi, chekechea mimi, na usiku wa baridi ya Rungwe alilala kifuani kwangu. Baba yake alipooa tena akaja kumchukua, sikumzuia. Mtoto ni wake. Kisha simu zikawa hazipokelewi, na siku ile ya geti nikaambiwa eti namchanganya mtoto. Mimi! Neno hilo linaniuma hadi leo.

Nami nilikosea. Nilirudi na kaka zangu watatu, tukapiga kelele, majirani wakatoka. Nikapanga hata kumvizia mtoto shuleni nipande naye gari la Tukuyu. Namshukuru Mungu sikuthubutu, maana sheria inakataza kumwondoa mtoto kwa anayemlea kihalali.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifumbua macho. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 38, inamruhusu hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto aiombe mahakama impangie nafasi ya kumwona mara kwa mara. Sikilizeni vizuri hapo: ubibi peke yake haukunibeba, malezi ndiyo yaliyonibeba. Kadi ya kliniki, risiti za ada, barua ya mwenyekiti wa kijiji, vyote nilikuwa nimevifunga kwenye kitenge. Tunzeni karatasi!

Shauri lilisikilizwa faragha, Mahakama ya Watoto. Miezi ile ya nenda rudi siisimulii. Hakimu alitazama maslahi ya mtoto kwanza, na mtoto mwenyewe akasikilizwa. Nikapewa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi na nusu ya likizo ya Juni na Desemba. Jumamosi ya kwanza, baba yake mwenyewe alifungua geti. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Mtoto alikuwa amevaa viatu tangu alfajiri.

Bibi wenzangu, acheni kulia jikoni. Acheni pia kumsema vibaya baba wa mtoto mbele ya mtoto. Hiyo ni dhambi, na mahakamani itawaponza. Asiye na uwezo asiogope, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, atasaidiwa bila malipo. Na karatasi, narudia, tunzeni karatasi.

Mama wa Mafinga, Jumatatu nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Nenda peke yako, bila kaka zako, na kadi ya kliniki mkononi.