Usidanganyike na sigara ya mojamoja

Nilivuta sigara miaka kumi na miwili bila kubeba pakiti mfukoni hata siku moja. Nilianza kama tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, baadaye nikashika usukani. Njia yetu ilikuwa Uganda, kutoka Malaba, mpakani na Kenya, mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na kila tuliposimama kulikuwa na kibanda kinachouza sigara mojamoja, kiberiti cha gesi kikining'inia kwa kamba dirishani. Mtu akiniuliza, nilimjibu kwamba mimi si mvutaji, navuta tu nikichoka. Na dereva wa lori hachoki lini?

Kilichonizindua ni foleni. Tulilala Malaba siku mbili tukingoja karatasi, nami vipisi nikawa navitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku ya pili jioni, kwa kukosa la kufanya, nikavimwaga na kuvihesabu. Vilikuwa thelathini na kimoja, vyote vyangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu. Wengi wanaotaka kuacha huanza kwa kununua mojamoja ili wapunguze. Kwangu mimi, huo ndio mtego ulionishika. Moja haionekani kuwa deni; unatoa sarafu, unawasha, unasahau. Kama ni kununua, nunua pakiti, andika tarehe juu yake, uone inakwisha lini. Hapo utajijua.

Tena kuuza mojamoja ni kosa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza. Watu wanakumbuka zaidi marufuku ya shisha na kuber, tumbaku ya kuweka mdomoni, au ile ya kutomuuzia aliye chini ya miaka 21, na ile ya kutovuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Hii ya mojamoja inapuuzwa, nayo ndiyo inayomlinda mtoto wa shule, maana sarafu anayo, bei ya pakiti hana. Sheria hiyohiyo inataka onyo la afya lichukue angalau asilimia 65 ya uso wa pakiti. Mimi onyo hilo ningelisomea wapi? Pakiti ilibaki kwa mama wa duka, mimi nikaondoka na sigara.

Pili, angalia sigara yako inatembea na nani. Yangu ilitembea na mairungi, yaani miraa. Ukitafuna usiku kucha ili usisinzie, mdomo unaitafuta sigara wenyewe. Nilijaribu mara mbili kuacha sigara huku naendelea kutafuna, nikashindwa mara zote mbili. Safari ya tatu niliacha mairungi kwanza, nikakubali kuegesha gari na kulala. Mwenye gari alinung'unika sana. Lakini dereva anayesinzia anahitaji kitanda, majani yanamchelewesha tu.

Mei 2023, Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha sheria ya dawa za kulevya, iliyokataza pia mairungi, wenzangu stendi walishangilia kana kwamba majaji wameyabariki mairungi. Sivyo. Kasoro ilikuwa idadi ya wabunge waliokuwamo ukumbini wakati wa kupitisha sheria. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha muswada mwingine, mairungi yakiwa tena kwenye orodha ya vilivyokatazwa.

Arosto nayo, ile taabu ya mwili ukiacha ulichozoea, ipo, usidanganywe. Siku tatu za kwanza nilimgombeza kila mtu, hata tanboi wangu, kijana mpole kabisa. Usingizi ulipotea, kikohozi kikazidi kabla ya kupungua. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba hamu huja kama wimbi, ikadumu dakika chache, ikapita hata usipovuta. Ikija, nilishuka nikazunguka lori nikigonga tairi moja baada ya nyingine. Lori refu lina tairi nyingi. Nikifika ya mwisho, hamu imeshapita.

Haya nayasema kwa sigara na mairungi tu. Kama ni unga, yaani heroini, au pombe kali ya kila siku, usijifungie chumbani ukajaribu peke yako. Anayekunywa sana akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha waraibu. Nenda na ndugu mmoja, na usione aibu ya jina la hospitali. Watu wetu wakisikia Butabika wanafikiria wendawazimu tu.

Mkono wangu wa kulia bado hutafuta kitu cha kushika nikinywa chai. Siku hizi naupa karanga, na Malaba wameanza kuniita Mzee Karanga.