Ekari za babu, moto wa Liwale na visima vilivyohamia Ethiopia

Maswali yenu kuhusu ramani na setilaiti yamezidi nafasi, kwa hiyo nimechagua saba. Kabla sijaanza: wengi mmeuliza GIS ni mdudu gani. Ni ramani ndani ya kompyuta ambayo kila alama yake imebeba jedwali. Ukigusa kisima kinakwambia kilichimbwa lini, kina urefu gani kwenda chini, kinatoa maji au kilishakufa. Picha ya setilaiti ni tabaka mojawapo tu linalotandikwa chini ya alama hizo. Twende.

Babu aliniachia shamba la mikorosho, akasema ni ekari nne. Nimelizunguka na simu yenye programu ya kupimia, imeniletea ekari 2.8. Jirani anasema simu yangu feki. Nani mwongo? (Tandahimba)

Hakuna mwongo hapo. Marehemu alipima kwa hatua sabini kwa sabini, kama wazee wote wa huku. Kipimo hicho kina asili yake, maana yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari ni 4,840. Wazee hawakukosea hesabu. Kilichopungua ni mguu. Yadi moja ni sentimita 91 na ushee, na mtu anayetembea mwendo wa kawaida shambani hupiga hatua ya sentimita 75 hivi. Sabini zake ni mita 52 na nusu. Zizidishe kwa zenyewe unapata mita za mraba 2,756, wakati ekari kamili ni 4,047. Kwa hiyo kila "ekari" ya hatua ni kama asilimia 68 ya ekari ya kweli, na nne za namna hiyo ni 2.7. Simu imekupa 2.8. Inaonekana babu alikuwa na mguu mrefu kidogo.

Usiichukulie kama hadithi ya kuchekesha tu. Anayelipa trekta kwa ekari za hatua analipia udongo ambao haujalimwa, na anayeuza kwa ekari za hatua anajikuta na mgogoro siku mnunuzi atakapokuja na mpimaji. Angalia pia simu yako imeandika ekari au hekta. Hekta moja ni ekari 2.47, na nimeshaona watu wazima wakikunjana mashati kwa sababu mmoja alisoma hekta na mwingine ekari.

Unapozunguka, simama kila kona mpaka namba zitulie, kisha rudia siku nyingine na ulinganishe. Ila usitoke hapo ukaenda kung'oa kigingi cha jirani. Simu ya kawaida, kwenye uwazi, hukosea mita tatu mpaka tano, na chini ya mikorosho iliyofungana inaweza kufika mita kumi, kwa sababu mawimbi ya GPS yanatoka kilomita 20,200 juu na yakifika kwetu yamechoka, majani yanayazuia. Mikorosho yenyewe hupandwa mita 12 kwa 12. Maana yake simu inaweza kukuhamishia mstari mzima wa miti ambao si wako. Kwa ukubwa wa shamba simu inatosha. Mpaka unahitaji mpima ardhi na kifaa kinachosoma sentimita, majirani wakiwa wamesimama hapo hapo. Na hatimiliki ya kimila inatoka kwa halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haitoki kwenye programu ya simu.

Hivi watu wa ardhi wanaweza kuniona kwa setilaiti sasa hivi nikiezeka paa? (Mtwara mjini)

Hapana. Hiyo picha unayoikuza kwenye simu yako imepigwa miezi au miaka iliyopita. Ndiyo maana gari uliloliuza bado limeegeshwa uani. Atakayekuona leo ni mjumbe wako wa mtaa.

Shikamoo mtaalamu. Je, setilaiti inaweza kunionya ugonjwa wa ubwiriunga kabla haujaingia shambani, ili nipulizie salfa mapema? (Newala)

Marahaba. Nakujibu bila kukuzungusha: haiwezi, na akitokea mtu kukuuzia huduma hiyo, mwombe akuonyeshe ua moja la mkorosho kwenye picha yake.

Picha za bure zilizo bora kwa kilimo ni za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015. Kila baada ya siku tano hivi zinapita juu yako. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ni mita 10 kwa 10. Mkorosho mzima uliokomaa unaingia kwenye pikseli moja, pengine na jirani yake kidogo. Ubwiriunga unaanzia kwenye maua na majani machanga, unga mweupe ambao hata wewe unauona baada ya kuvuta tawi karibu na uso. Wakati shamba zima limebadilika rangi kiasi cha kuonekana angani, korosho zako zilishakwenda. Kwa ubwiriunga, macho yako alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, yanaishinda setilaiti yoyote.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo picha hizo zinaifanya vizuri sana kwenye korosho, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo kazi ninayoipenda. Jani bichi hula mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti inauona. Ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, ukagawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba kati ya hasi moja na moja. Kadiri inavyopanda ndivyo ukijani ulivyo mwingi. Sasa fikiria Uwanda wa Makonde mwezi Agosti au Septemba. Nyasi zimekauka, miti mingi ya miombo imepukutisha, muhogo umebaki vijiti. Mkorosho peke yake umesimama na majani yake. Picha ya mwezi Machi, kila kitu kijani, haikwambii kitu. Ya Septemba inakuchorea mashamba ya mikorosho kama madoa ya wino kwenye karatasi.

Mwembe nao haupukutishi, ndiyo mtego. Mara ya kwanza nilipochora ramani ya namna hii niliipata "mikorosho" mingi kando ya barabara na kuzunguka nyumba za kijiji kimoja. Nilipokwenda na pikipiki nikakuta miembe ya kivuli, watoto wamekaa juu wanakula embe mbichi na chumvi. Tangu siku hiyo sitoi ramani bila kwenda kwanza kwenye pointi mia moja au zaidi nikaandika kilichopo kweli. Kwa chama cha msingi cha ushirika kinachotaka kujua wanachama wake wana mikorosho kiasi gani na salfa iagizwe kiasi gani, ramani iliyohakikiwa hivyo ni mali. Ambayo haikuhakikiwa ni picha ya ukutani.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Nimeonyeshwa ramani yenye vidoti vyekundu, nikaambiwa kijiji changu kinachoma msitu. Hivyo vidoti ni ushahidi? (Liwale)

Ni ushahidi kwamba palikuwa na joto kali. Hauendi mbali zaidi ya hapo.

Vidoti hivyo mara nyingi vinatoka kwenye huduma ya moto ya NASA, shirika la anga la Marekani, inayotumia vifaa viwili: MODIS, wenye pikseli ya kilomita moja, na VIIRS, wenye pikseli ya mita 375. Kidoti kinachorwa katikati ya pikseli, lakini moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani yake. Kama msitu wa hifadhi umepakana na mashamba yenu, moto wa mtu anayesafisha shamba la ufuta unaweza kuchorwa kama uko upande wa pili wa mpaka. Na kinyume chake pia, mwenyekiti, usifurahi mapema.

Waulize picha ilipita saa ngapi. VIIRS hupita kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto ulioanza saa tisa alasiri ukazimwa jua linazama hautaonekana kabisa, kwa hiyo kijiji kisicho na vidoti si lazima kiwe na adabu. Kinachosaidia zaidi kuliko vidoti ni makovu ya moto. Chukua picha ya Sentinel-2 ya kabla na ya baada, eneo lililoungua litaonekana jeusi lenye kingo, na kingo hizo unaweza kuzifuata kwa mguu mpaka ulipoanzia. Kule mnajua kusoma upepo na majivu kuliko sisi tulio ofisini. Tofautisheni pia moto wa mapema wa makusudi, mwezi Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, na ule wa Septemba au Oktoba unaoua miti. Kwenye ramani vyote ni vidoti vyekundu. Tarehe ndiyo inayosema.

Wakati wa Hidaya mawingu yalifunika siku nyingi. Setilaiti inaonaje mafuriko kama haioni chini? (Kilwa)

Swali zuri, na jibu lake ni rada. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, kamera za kawaida zilikuwa zinapiga picha za pamba tupu. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1, hazingoji jua. Zinatuma mawimbi yake zenyewe, yanapenya mawingu, yanagonga chini na kurudi, hata usiku wa manane.

Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa: wimbi linagonga pembeni na kuruka kwenda zake, halirudi kwenye setilaiti. Kwa hiyo kwenye picha ya rada mafuriko ni meusi ti. Unachukua picha ya wiki iliyotangulia, unaiweka kando ya ile ya siku ya mafuriko, palipogeuka kuwa peusi ndipo maji yalipoingia. Kuna mahali inadanganya. Mikoko iliyosimama ndani ya maji hung'aa badala ya kuwa nyeusi, kwa sababu wimbi linagonga maji, likagonga shina, likarudi lilikotoka. Na mashamba ya chumvi, ambayo Kilwa na Lindi mnayo, ni meusi mwaka mzima. Asiyeijua pwani yetu atawaandikia mafuriko kila mwezi.

Udhaifu wake mkubwa ni ratiba. Setilaiti moja ya aina hiyo hurudi mahali pale pale baada ya siku 12, na mto haumsubiri mtu. Onyo la kabla mnalipata kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Rada ni ya kujua maji yalifika wapi, ili zahanati inayofuata isijengwe pale pale.

Mna picha inayoonyesha dagaa walipo? (Msimbati)

Samaki hawaonekani. Kinachoonekana ni joto la uso wa bahari na ukijani wa mimea midogo sana inayoelea, ambayo dagaa hula. Panapokutana maji ya baridi na ya moto, kukawa na ukijani, pana nafuu ya kubahatisha. Pikseli zake lakini ni za kilomita, wakati wewe na ngalawa yako unahesabu pima. Kwa maji maangavu ya Ghuba ya Mnazi, picha za kawaida zinaonyesha miamba na majani ya bahari chini kwa mita kadhaa, hiyo itakusaidia zaidi kujua pa kutotupa nanga.

Nimemaliza chuo, nimejifundisha QGIS, programu ya kuchora ramani za GIS. Nimepakia visima vyote vya kata yangu, vimetokea Ethiopia! Nimekosea wapi? (Newala tena)

Umesahau alama ya kutoa. Newala iko karibu nyuzi 10.9 kusini ya ikweta, na kusini huandikwa kwa hasi: −10.9. Ukiiacha hasi, unaruka ikweta na kuangukia upande wa pili kwa umbali ule ule, si mbali na mji wa Dessie. Visima havijapotea, vimevuka tu bila pasipoti.

Usione haya. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibadilisha safu mbili, nikaweka longitudo mahali pa latitudo, na shule zote za wilaya nzima zikazama Atlantiki, magharibi ya Lisbon. Niliichapa ramani ile bila kuitazama, nikaipeleka kwenye kikao. Bosi aliinua karatasi akauliza kwa upole kama wanafunzi wanajua kuogelea.

QGIS umechagua vizuri: ni ya bure, ipo tangu 2002, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itaibeba. Ukisharudisha hasi, bado kuna shimo moja mbele yako. Kama baadhi ya visima vimesomwa kutoka ramani za zamani za karatasi, zile za 1:50,000, zinatumia mfumo wa zamani wa namba za mahali uitwao Arc 1960. GPS ya simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana kabisa kwa sura, zote zimeandikwa kanda ya 37 kusini, yaani kipande cha ramani ya dunia tulichomo, ila ukizichanganya bila kuiambia programu, vitu vinahama kama mita mia tatu. Hakuna onyo lolote litakalojitokeza. Chukua kisima kimoja unachokijua tangu utoto, ambacho uliwahi kubeba ndoo kutoka pale, ukiangalie kwenye picha ya setilaiti. Wewe unajua kiko bondeni, nacho kimekaa juu ya paa la msikiti, mwendo wa viwanja vitatu vya mpira. Hapo ujue Arc 1960 imekusalimu.