Je, gemu za kuchoma na za kukraki zinaua kweli mauzo?

Mkuu, umeuliza kama CD za kuchoma (kopi zisizo halali) na gemu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kinga ya kuzuia kukopiwa, zinaua kweli mauzo au makampuni yanalia tu. Niliendesha banda la kuchezea PS2, mashine ya gemu ya Sony, kwa miaka kadhaa, siku hizi nachezea kompyuta. Kwa niliyoyaona, swali la kwanza ni hili: mnunuzi alikuwepo?

Bandani kila mashine ilikuwa na chipu ya kuifanya isome kopi, na kila diski ilikuwa ya kuchoma. Orijino haikuuzwa mtaani kwetu, na hata ingeletwa, vijana wa pale wasingeimudu. Hapo mtengenezaji wa gemu hakunyang'anywa mteja. Muuza mashine ndiye aliyefaidika, maana watu walinunua PS2 wakijua diski zinapatikana kwa bei chee. Duniani iliuzwa zaidi ya milioni 150, pamoja na kukopiwa kote kule.

Wengi huleta mfano wa Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega. Ni kweli, mwaka 2000 ilipatikana njia ya kuichezesha CD ya kuchoma bila hata chipu, na Machi 2001 Sega ikaacha kuitengeneza. Lakini Sega ilishapata hasara kubwa tangu enzi za Saturn, mashine yake ya kabla ya hiyo, na PS2 ilikuwa imeshaingia sokoni.

Kwenye kompyuta siwatetei wapakuaji. Huku mnunuzi yupo, hela anayo, anasubiri tu aone kama kraki itatoka kesho. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha uchambuzi wa gemu za Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) zenye Denuvo, programu ya kuzuia kukrakiwa. Kinga ikivunjwa wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa takriban asilimia 20. Ikivunjwa baada ya miezi mitatu hivi, hasara karibu haionekani, kwa sababu wenye hamu ya gemu wameshainunua.

Ninaowaonea uchungu ni watengenezaji wadogo. Mwaka 2013 ndugu wawili wa Greenheart Games walitoa Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya kutengeneza gemu, kwa bei isiyofika dola 10. Siku hiyohiyo wakaiweka wenyewe kwenye torenti, mitandao ya kupakua vitu bure, kopi ya bure, ambayo ndani yake kampuni ya mchezaji hufilisika kwa kuibiwa gemu zake. Zaidi ya asilimia 93 ya waliocheza siku ya kwanza walikuwa na kopi hiyo. Wengine wakaenda kuuliza mitandaoni wafanye nini, maana wizi unawamaliza! Watu wawili wakifanyiwa hivyo, gemu ya pili wataitengeneza kwa hela gani?

Ila makampuni makubwa nayo yanafukuza wateja. Mei 2024 gemu ya Sony, Helldivers 2, iliondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma ya mtandao wa PlayStation, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mtu alikuwa na hela mkononi, akakataliwa kununua, halafu akaitwa mwizi alipoenda kwenye torenti.

Mimi tangu nipate kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, gemu za makampuni makubwa nasubiri punguzo. Za studio ndogo nalipa bei kamili siku inayotoka.